Ruta ya Antena Nane

Miongoni mwa vyombo vya umeme vinavyonunuliwa kwa ajili ya nyumba za Dar es Salaam katika zama hizi za faiba, hakuna kinachochaguliwa kwa macho kama ruta, yaani kile kisanduku kinachopokea intaneti kutoka kwenye waya na kuigawa hewani kwa mawimbi ya redio ili simu, kompyuta na televisheni ziipate bila kuunganishwa. Jokofu hufunguliwa na mpira wa mlango wake kukaguliwa, pasi huinuliwa kupimwa uzito, na feni huwashwa palepale dukani kwa sababu muuzaji anayekataa kuijaribu feni hana wateja. Lakini ruta haiwezi kujaribiwa Kariakoo kwa kazi itakayoifanya Tabata, na kwa hiyo mnunuzi hubakiwa na kigezo kimoja ambacho macho yake yanakimudu, nacho ni kuhesabu antena.

Kanuni inayotawala biashara hiyo ni kwamba antena mbili ni za mpangaji, nne ni za mwenye nyumba, na nane ni za mtu aliyekwisha kugombana na watoto wake. Muuzaji huikoleza kanuni hiyo kwa sentensi moja, "Hii, mzee wangu, inapenya kuta tano," bila kutaja ni kuta za nini, na mzee, ambaye kati ya sebule yake na chumba cha mwisho pana kuta nne tu, huondoka akiamini kwamba amejiwekea akiba ya ukuta mmoja. Ukweli ni kwamba nguvu ya kurusha mawimbi huwekewa kikomo na mamlaka za mawasiliano, na wingi wa antena hauondoi kikomo hicho. Kazi yake hasa ni kupitisha mikondo kadhaa ya data kwa wakati mmoja, na kwa kuwa simu nyingi zina antena mbili tu za Wi-Fi ndani yake, mikondo inayofika kwenye simu moja haizidi miwili. Zile sita zilizobaki si za bure kabisa, maana husaidia kusikia na kuelekeza mawimbi, na zikisimama zinapendeza. Hata hivyo mawasiliano haya ni ya kwenda na kurudi, na simu, ambayo betri yake ni ndogo na sauti yake ni hafifu, nayo inapaswa kuijibu ruta. Ndiyo maana vijistari vya mawimbi huweza kujaa kwenye kioo na ukurasa usifunguke, kwa kuwa simu inasikia lakini haisikiki.

Baada ya antena hufuata namba iliyoandikwa kwenye boksi kwa herufi nene, kwa mfano AX3000, ambayo mnunuzi huielewa kuwa ni kasi. Namba hiyo hupatikana kwa kujumlisha uwezo wa kinadharia wa bendi mbili, yaani masafa mawili ya redio ambayo ruta huyatumia: megabiti 574 kwa sekunde katika gigahezi 2.4, na megabiti 2,402 katika gigahezi 5, jumla 2,976, na zile 24 zinazopungua huongezwa kwa ukarimu wa mtengenezaji. Kwa kawaida simu hutumia bendi moja kwa wakati mmoja, na nyumba iliyolipia kifurushi cha megabiti 20 itaendelea kupata megabiti 20 zile zile, isipokuwa sasa zinapita kwenye chombo cha kifahari. Chenye maana zaidi ni herufi zinazotangulia, kwa sababu AC ni kizazi cha tano cha Wi-Fi na AX ni cha sita, kwa hesabu ambayo muungano wa Wi-Fi Alliance ulianza kuitumia mwaka 2018 baada ya watu kuchoshwa na majina kama 802.11ac. Kizazi cha sita kinafaa kununuliwa, kwani kilibuniwa kwa kuzingatia mahali penye vyombo vingi vinavyogombea hewa moja, na nyumba yenye vijana watatu ni mahali pa namna hiyo. Cha saba, ambacho uthibitishaji wake ulianza Januari 2024, ni kizuri pia, ila katika nyumba ambayo simu zote ni za kizazi cha tano kitalazimika kuzungumza nazo kwa lugha ya wazee.

Lililo gumu kuliko kununua ni kuweka. Mahali pa ruta huamuliwa na watu wawili wasioshauriana: fundi wa faiba, ambaye kazi yake huishia pale waya ulipoingilia, yaani kwenye dirisha la mbele kabisa, na mama mwenye nyumba, ambaye haoni sababu ya kisanduku chenye taa zinazomemeteka kukaa wazi mbele ya wageni ilhali nyuma ya televisheni pana nafasi. Hapo ndipo ruta ya antena nane hulazwa chali, ikafunikwa kitambaa cha kufuma chenye ncha zilizopigwa wanga, na juu ya kitambaa likawekwa ua la plastiki. Kitambaa hakizuii mawimbi, ingawa huziba matundu ya kutolea joto. Mkosaji ni televisheni yenyewe, ambayo mgongo wake una bamba la chuma. Antena nazo, zikisimama wima, husambaza mawimbi pande zote kwa umbo la donati, huku antena ikiwa katikati ya tundu, na zikilazwa, donati hiyo husimama kwa ubavu na kupeleka sehemu kubwa ya kifurushi darini, waliko panya.

Mawimbi yanayobaki huanza safari yake kwa shida. Yale ya gigahezi 2.4 hufika mbali lakini hewa yake imejaa, kwa maana chaneli zake zisizoingiliana ni tatu tu, 1, 6 na 11, na maikrowevu nayo hufanya kazi katika masafa ya karibu gigahezi 2.45, kiasi kwamba wali wa jana ukipashwa moto jikoni, mkutano wa mtandaoni sebuleni unaweza kukwama bosi akiwa amefumbua mdomo. Yale ya gigahezi 5 ni ya kasi na hewa yake ni nyeupe, ila huchoka haraka mbele ya zege na nondo. Anayeumia kuliko wote ni mwanafunzi wa chumba cha uani, kwa kuwa kati yake na sebule limesimama simtanki la lita 1,000, na maji hunyonya mawimbi haya kwa hamu kubwa. Plastiki tupu huyapitisha. Hivyo wiki ambayo maji ya bomba hayatoki ndiyo wiki ambayo mwanafunzi huyo hukamilisha kazi zake zote.

Dawa inayonunuliwa mwanzo ni kirudia mawimbi, kijidude kinachochomekwa kwenye soketi ili kipokee mawimbi ya ruta na kuyarusha upya, na karibu kila familia hukichomeka katika chumba kile kile kisicho na mawimbi, ambako hurudia kwa uaminifu kile kilichopokea, yaani udhaifu. Kilipaswa kukaa katikati ya njia, na hata hapo, kikiwa ni cha redio moja, hupunguza kasi kwa takriban nusu kwa sababu hakiwezi kusikiliza na kusema kwa wakati mmoja. Jibu la kuaminika ni kebo ya mtandao, ambayo ya daraja la 5e huweza kubeba gigabiti moja hadi mita 100, ikavutwa kutoka sebuleni hadi uani na kufungiwa ruta ya pili. Kebo hiyo hufanya kazi barabara mpaka siku ya kufua, ambapo hutambuliwa na wote kuwa ni kamba, na khanga mbichi zikaanikwa juu yake.

Nyumba ikishafika hapo kwa vifaa, hubaki suala la umeme, na mwenye nyumba makini hununua betri ya akiba ya volti 12 ili ruta isizimike uniti za LUKU zikiisha. Linalosahaulika ni kwamba faiba huhitaji visanduku viwili, kile kidogo kilichofungwa na fundi, kinachogeuza mwanga wa kwenye waya kuwa ishara za umeme, na ruta yenyewe. Na katika nyumba nyingi betri hupewa ruta peke yake, kwa kuwa ndiyo iliyogharimu pesa. Matokeo yake ni kwamba gizani ruta huendelea kurusha mawimbi kwa antena zote nane, vijistari vimejaa kwenye kila simu, na intaneti haipo. Baraza la familia hukubaliana kwamba kampuni imekata huduma, na simu ya huduma kwa wateja hupigwa.

"Shikamoo mzee. Naomba uniangalizie, kile kisanduku kidogo kina taa ya kijani inayowaka?"

"Marahaba. Mwanangu, umeme umekatika tangu magharibi, taa itawakaje?"