Sifuri Iliyomezwa na Ruta

Fundi aliyeitwa kufunga simu za mezani katika ofisi moja ya Kavimvira, upande wa Uvira unaokaribia mpaka wa Burundi, alianza kwa kutoa ahadi. Laini moja ya kidijitali, ile mafundi wanayoiita E1, inabeba mazungumzo 30 kwa wakati mmoja, na kufikia saa sita mchana itakuwa inafanya kazi. Hayo mazungumzo 30 ni kweli. Saa sita mchana ndiyo iliyokuwa na walakini.

E1 hupitisha kilobiti 2,048 kwa sekunde, zilizogawanywa katika nafasi 32. Nafasi namba 0 hulinda mpangilio, ya 16 hubeba habari za nani anapiga na nani amekata, na zilizobaki ni za sauti. Amerika ya Kaskazini wana laini yao, T1, yenye nafasi 24. Kadi ya ruta, mashine inayounganisha simu za ofisi na laini hiyo, ilinunuliwa mtumba; iliweza kufanya kazi zote mbili, ila ilikuwa bado inajidhani iko Marekani. Kuizindua kulihitaji amri moja, kisha kuizima ruta na kuiwasha upya. Fundi alitoa amri, akasahau kuwasha upya, akaikodolea macho taa nyekundu mpaka chai ikapoa.

Ikaja zamu ya kebo. Aliyezoea kompyuta, akitaka kebo ya kuvuka, ile inayokutanisha waya za kutuma na za kupokea, huhamisha pini 1 kwenda 3 na 2 kwenda 6. E1 haitumii mpango huo: kwake 1 huenda 4, na 2 huenda 5. Ubaya ni kwamba plagi ni ileile, huingia kwenye tundu lilelile na kulia “tik” ileile ya kutia moyo.

Taa ilipogeuka kijani, fundi aliitafuta ile nafasi ya 16 kwenye ruta, hakuiona. Ilikuwepo, ila ikiitwa 15, kwa kuwa ruta za Cisco huanza kuhesabu kwenye sifuri. Ubishi kati ya karatasi ya fundi, iliyosema 16, na kioo, kilichosema 15, uliendelea muda mrefu, na karatasi haikushindwa kwa heshima.

Lakini balaa lenyewe lilikuwa mdundo. Ncha mbili za E1 hutakiwa kwenda pamoja, fremu 8,000 kila sekunde, kila fremu ikiwa mzunguko mmoja wa nafasi zote 32. Kwa kawaida kampuni ya simu hupiga ngoma, ruta ikacheza. Hapa ruta ilileta ngoma yake. Sikio halikulalamika sana. Watu waliongea na Bukavu asubuhi nzima, mara mojamoja kukisikika “tak” katikati ya neno. Faksi haikuwa na subira hiyo. Hati ya mzigo wa bandari ya Kalundu ilitoka na kichwa na kiwiliwili, miguu haikufika.

Siku ya kuonyesha kazi, mkurugenzi alipiga Kinshasa saa mbili kamili asubuhi. Ikaita, ikaita. “Shefu, ngoja kidogo,” akasema fundi, akaanza kukagua kila kitu upya, kadi, kebo na mdundo. Mlinzi ndiye aliyewakumbusha kwamba Kinshasa iko nyuma kwa saa moja, na wakubwa wa huko walikuwa bado nyumbani wakioga.

Ikabaki sifuri. Fundi alipanga kwamba anayetaka kutoka nje ya ofisi abonyeze 0 kwanza, na ruta huimeza hiyo 0 kabla ya kutuma namba. Wafanyakazi walikuwa wamekulia kwenye simu za mkononi, ambazo Kongo ilizipata mapema, kampuni ya Telecel ya Miko Rwayitare ilipoanzishwa Kinshasa mwaka 1986; sifuri ya kutokea nje hawakuwahi kuihitaji. Wakawa wanapiga Bujumbura kwa 00257 kama walivyozoea. Ruta inameza moja, kampuni ya simu inapokea 0257, namba isiyo ya Kongo wala ya Burundi. Mji ambao taa zake huonekana usiku ukiwa Uvira ukawa haupatikani.

Karatasi ilibandikwa ukutani: Burundi, sifuri tatu. Mama wa mapokezi aliisoma yote. Kisha akafungua mkoba, akatoa simu yake ndogo yenye laini ya Burundi, akapiga Bujumbura kwa pesa yake na kuandika deni la ofisi kwenye daftari.