Spika ya Sikio la Kushoto

Bodaboda wengi wa Moshi wakipigiwa simu huichomeka kati ya shavu na sponji ya helmeti, wakaendelea kuongea huku pikipiki inakwenda. Mume wangu naye alikuwa hivyo hivyo, na njia yake ni ile ya kushuka mjini kutoka Kibosho, mteremko wa kona na Noah zilizojaza watu. Siku ya Simba na Yanga ndiyo ilikuwa balaa zaidi, maana simu haitoki sikioni tangu filimbi ya kwanza mpaka ya mwisho. Nililalamika, nikalalamika, mpaka shemeji yangu, mdogo wake ambaye ni fundi redio, akasema hilo niachie mimi. Angemwekea kaka yake spika ndani ya helmeti.

Vifaa vyote vilitoka humu humu ndani. Spika nyembamba aliing'oa kwenye hedifoni kubwa iliyokatika, betri ni ile ya simu ya kitochi, na kibao cha bluutuu alikitoa kwenye redio ya watoto iliyokwisha kufa. Kazi ya waya aliifanya vizuri, simnyimi sifa: lehemu ndogondogo, safi, zinazong'aa. Tatizo lilikuwa nafasi. Helmeti yenyewe ilikuwa ya kubana, na spika ikikaa juu ya kitambaa cha ndani ilikandamiza sikio mpaka likawaka moto. Shemeji akakivua kile kitambaa, akalikuta lile povu gumu jeupe, akachukua kisu changu cha kumenyea ndizi, akaanza kuchonga.

Alipoona shimo limetosha alipaka gundi ya viatu, akaipachika spika, akaenda kunywa chai. Kurudi, spika haionekani. Imezama. Povu limeyeyuka pande zote, limebaki uteute wa kunata, na shimo limefika kwenye gamba la nje. Povu hilo ni polistirini, plastiki iliyojazwa hewa, na viyeyushi vya gundi ya viatu huimaliza kwa dakika chache. Petroli nayo huiyeyusha, kwa hiyo mwenye mazoea ya kuegesha helmeti juu ya tangi lenye mafuta yaliyomwagika afikirie tena.

Shemeji alitaka kuliziba shimo kwa sponji ya godoro. Hapo ndipo mama mkwe alipoingia kutoka kihambani. Mama ni muuguzi mstaafu, kazi yake ya miaka mingi ilikuwa wodi ya upasuaji. Aliiokota helmeti, akaingiza vidole vitatu kwenye shimo, akauliza, "Hii ndiyo atakayovaa mwanangu kesho?"

"Mama, nje ni nzima. Haina hata mkwaruzo."

"Nje ni gamba tu, baba. Kinachopokea pigo ni hiki ulichokichonga."

Na ndivyo ilivyo. Kichwa kikigonga lami, gamba hulitawanya pigo, na povu hupondeka. Katika kule kupondeka kichwa hupata nafasi ya kusimama kwa kuchelewa kidogo, badala ya kusimama ghafla, na ubongo haurushwi kwenye fuvu kwa nguvu ile ile. Sponji ya godoro hulala yote kabla haijapunguza chochote. Povu likishapondeka halirudi tena, ndiyo sababu helmeti iliyopata ajali haifai kuvaliwa hata ikipakwa rangi upya. Elimu hii haikuja bure. Mwaka 1935 daktari wa upasuaji wa ubongo, Hugh Cairns, alikuwa miongoni mwa waliomhudumia mwanajeshi na mwandishi maarufu T. E. Lawrence, aliyeanguka na pikipiki Uingereza na kufa baada ya siku 6. Cairns hakuliacha suala hilo. Mwaka 1941 alichapisha utafiti kuhusu majeraha ya kichwa ya waendesha pikipiki na umuhimu wa helmeti. Tathmini ya tafiti nyingi iliyotoka 2008 ilionyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya kifo kwa takriban asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Mama hakutaja asilimia yoyote. Alimweleza shemeji habari za vijana wa rika lake aliokuwa akiwageuza kitandani ili wasipate vidonda, wengine wakiangaliwa na mama zao bila kuwatambua. Kisha akatoka na helmeti, akachukua panga, akaipasua katikati, mtu mwingine asije akaiokota akaivaa. Nilimpenda sana mama siku ile.

Pesa ya mbolea ikanunua helmeti nyingine. Mara hii shemeji alikwenda mwenyewe dukani, akachagua yenye kishimo masikioni ilichotoka nacho kiwandani, pasipo kuchonga kitu. Spika aliishika kwa kile kitambaa cha kubandika na kubandua, alichokikata kwenye kiatu cha binti yetu kilichokwisha kumbana, akaizungushia sponji laini ili pasiwe na kitu kigumu cha kugusa sikio.

Betri ndiyo ilituletea kisa cha pili. Seli ya namna ile huandikwa volti 3.7, na ikijaa haitakiwi kupita 4.2. Shemeji aliiunganisha moja kwa moja na chaja ya volti 5, na kwa kuwa betri yenyewe ilikuwa ya bandia isiyo na kinga, ikavimba. Mama akaamuru itolewe nje ikazikwe kwenye ndoo ya mchanga, watoto wasisogee. Inayotumika sasa ina kibao kinachokata umeme ikijaa, na haikai kichwani kabisa. Imo mfukoni mwa jaketi, na waya wake una plagi inayochomoka ukivutwa.

Sauti yake? Wakati wa kupanda, pikipiki ikivuta kwa gia ndogo, mtangazaji anasikika vizuri. Wakati wa kushuka, upepo unameza besi yote, muziki unabaki mkavu, lakini maneno ya mtu bado yanapenya, kwa kuwa ngurumo ya upepo ndani ya helmeti imejaa zaidi sauti nzito. Kwa mpira inatosha.

Spika ni moja tu, ya kushoto. Tanzania tunaendesha kushoto na gari linalokupita linatokea kulia, kwa hiyo sikio la kulia linaachwa liisikilize Noah. Mume wangu bado anaiomba ya pili, na kila akiomba mama na shemeji wanakataa kwa sauti moja.

Wenzake wa kijiweni wameanza kuleta helmeti zao. Shemeji huvua kwanza kitambaa cha ndani, akapapasa sehemu ya masikio. Pasipo na nafasi humrudishia mwenyewe. Juzi mmoja alimwekea elfu kumi mezani ili achonge kidogo tu. Shemeji aliisukuma ile noti, akamwita mama aje amweleze yule kijana mwenyewe.