Posa ya Sungura

Kila Pasaka huko Marekani, watoto hununuliwa sungura kama wanavyonunuliwa chokoleti. Tofauti ni kwamba chokoleti huisha siku hiyohiyo. Sungura wa ndani huishi miaka 8 hadi 12. Ikifika Juni ameshakata waya wa chaja, ametafuna mguu wa kochi, na mtoto amehamia kwenye baiskeli. Basi sungura hupelekwa bustanini akaachwa "awe huru", yeye ambaye hajawahi kumwona mbweha hata pichani.

Hapo ndipo waokoaji huingia. House Rabbit Society, iliyoanzishwa California mwaka 1988, na wenzao wengi humtibu, humfunga kizazi, kisha humtafutia makao. Ukimtaka, jiandae kwa posa. Utajaza fomu: Una mbwa? Nyumba ni yako au umepanga? Ukisafiri atabaki na nani? Wengine huomba kuiona sebule yenyewe, hasa nyaya. Kisha unatoa ada (mahari, tuseme ukweli), na hapo unaweza kuambiwa ana mwenzake asiyetenganishwa naye, hivyo umeoa wawili kwa mpigo.

Na ile karoti uliyobeba kujipendekeza kwa wakwe? Irudishe mfukoni, ina sukari nyingi. Chakula chake hasa ni nyasi kavu.

Mimi nilipokwenda kuposa, mjomba wa binti aliniuliza swali moja tu, nafanya kazi wapi. Hata jibu hakulisubiri. Alikuwa anamalizia sambusa.