Barua ya Wazi kwa KRA: Nitafutieni Baba wa Mjukuu Wangu

Kwa Kamishna Mkuu,
Mamlaka ya Ushuru ya Kenya,
Times Tower, Nairobi.

KUH: OMBI LA KUTAFUTIWA MWANAMUME

Mheshimiwa,

Usishtuke. Mimi ni mjane wa miaka 64, mkaazi wa Kitengela, na mwanamume ninayemtafuta si wa kuniposa. Ni baba wa mjukuu wangu aliye gredi ya tatu. Najua ofisi yako haishughulikii watoto. Zinazowashughulikia nazijua, mabenchi yake nimeyakalia, na ndiyo maana nakuandikia wewe.

Binti yangu yuko Saudia, anafua na kupika katika nyumba ya watu, na hutuma kitu akilipwa. Aliyezaa naye ameajiriwa kiwandani huko upande wa Athi River, kwa mshahara wa kila mwezi. Nilipompigia kumkumbusha kwamba mtoto hula, alinijibu kwa adabu: "Mathe, mimi na wewe hatuna deni. Mwenye mtoto anitafute mwenyewe." Kisha akanifungia laini.

Sheria iko upande wangu hata naona haya. Katiba ya 2010, Kifungu cha 53, inasema baba na mama wana wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Sheria ya Watoto ya 2022 imeyasema hayo tena, kwa kirefu. Anayeishi na mtoto na kumlea anaweza kudai matunzo mahakamani, si lazima awe ndiye aliyemzaa. Hata kwenye cheti cha kuzaliwa, ambako zamani jina la baba ambaye hajamwoa mama halikuingia bila yeye mwenyewe kukubali, Jaji Mumbi Ngugi, wakati huo wa Mahakama Kuu, aliamua Mei 2016 kwamba kipengele cha sheria kilichoweka sharti hilo kinakiuka Katiba. Kwa hiyo mjukuu wangu amejaa haki tele. Anachokosa ni viatu.

Maana haki hizo zote zina fomu, na fomu ina maswali. Baba anaishi wapi? Kitambulisho chake namba ngapi? Ameajiriwa na nani? Nani atampelekea samansi? Hilo la mwisho nililijibu haraka, kwa sababu kwenye benchi nilikuwa peke yangu. Nauli ya matatu hadi kwenye benchi hilo mjini Kajiado, kupitia Isinya, na ya kurudi, hutoka kwenye pesa za unga. Naambiwa tangu 2020 kanuni zinaruhusu samansi itumwe kwa WhatsApp. Nilifurahi sana, mpaka nilipokumbuka kwamba kwa kijana huyu ujumbe wangu haupiti tiki moja ya kijivu.

Wazee wa mtaa wananiambia nivumilie, mtoto hukua. Kweli hukua. Ndiyo sababu vile viatu vya Januari havimtoshi.

Sasa nikutazame wewe, Mheshimiwa, nikuonee wivu. Kijana huyuhuyu asiyepatikana, wewe humpata kila mwezi. Ushuru wa mshahara unakatwa. Asilimia 1.5 ya nyumba za bei nafuu inakatwa. Asilimia 2.75 ya bima ya afya inakatwa. Yote hayo kabla hajaugusa mshahara wenyewe, na hakuna afisa wako aliyelazimika kupanda bodaboda hadi Mlolongo kuuliza majirani kama wamemwona. Fuliza nayo ikimkopesha, hela ikiingia tu kwenye simu, deni limejilipa.

Tena mnamhurumia. Kila mfanyakazi mnampunguzia ushuru wa Sh2,400 kwa mwezi, bila kuuliza ana watoto wangapi wala wanakula kwa nani. Aliyelea sita anapata hizo, na aliyemkimbia mmoja anapata hizohizo. Akipitisha Juni 30 bila kuwasilisha ritani, faini yake haipungui Sh2,000. Na mzee wa miaka 70 aliyeandikishwa katika mpango wa Inua Jamii hupewa ngapi kwa mwezi? Sh2,000. Kwa hesabu za Jamhuri, kuzeeka mwezi mzima na kusahau fomu siku moja ni bei moja. Mimi hata hizo za uzee bado nazingojea miaka sita.

Utaniambia mahakama nayo inaweza kuagiza mshahara wa baba ukatwe kwa ajili ya mtoto. Inaweza. Lakini amri huja baada ya kesi, kesi baada ya samansi, samansi baada ya kumpata mtu, na kumpata mtu ni kazi ya nyanya.

Basi naomba mjukuu wangu aandikishwe kama ushuru. Kama neno mtoto halina uzito huko Times Tower, mwiteni levi. Levi ya Uji na Sare. Akishaitwa hivyo, sina shaka baba yake atapatikana kabla ya mwisho wa mwezi, hata akihamia Namanga.

Mzaha nimeumaliza, Mheshimiwa. Ombi lenyewe ni hili. Mahakama ikishapokea dai la mlezi, iwe ni wajibu wa serikali kuipa anwani na jina la mwajiri wa baba, kutoka kwenye rekodi ambazo tayari inazo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 naiheshimu. Sihitaji kuambiwa kijana anapata pesa ngapi, wala analala wapi. Hizo habari zipewe hakimu, samansi imfikie, na mengine tutayasema mbele ya mahakama. Ukikutana na wabunge wakati wa kuandaa Mswada wa Fedha, waambie. Muhula mpya unafunguliwa, na sare haijanunuliwa.

Wako mtiifu,
Nyanya, Kitengela
(mlipaji wa VAT ya asilimia 16 kwenye sabuni ya kufulia)