Ombi la Kuongezewa Umri: Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Mambo ya Kale

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MASHIMO YA NGOZI KUKOSA MIAKA YA KUTOSHA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Naandika kutoka Mbalizi, kando ya barabara kuu ya Tunduma, mahali ambapo urithi wa taifa uko kila upande isipokuwa hapa. Ukielekea Iringa utafika Isimila, ambako mwaka 1951 mwanafunzi aliyekuwa safarini kwenda Johannesburg aliokota zana za mawe korongoni. Ukielekea Tunduma kuna Kimondo cha Mbozi, chuma cha tani zaidi ya 10 kilichodondoka kutoka angani, hakijafanya kazi hata siku moja, na kinalindwa. Sina kinyongo nacho. Wako wengi wanaoishi hivyo.

Ombi langu ni la viwanda vidogo vya ngozi vya vijijini, vile vilivyokwisha kufa: banda la mabati, mashimo ya saruji yaliyopangwa mstari, gogo la kukwangulia, fremu za kuwambia. Kati ya zana za Isimila mna vikwanguo, na wataalamu wa zama za mawe huvihusisha vikwanguo na kazi ya ngozi. Kwa hiyo aliyekwangua ngozi zama hizo amepata kibao na wageni wa kulipa kiingilio. Aliyekwangua juzi, mwenye watoto wanaomkumbuka, eneo lake linasubiri kupimwa viwanja. Kosa lake ni kuchelewa kuzaliwa.

Nimeisoma Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Jengo la kabla ya 1863 linalindwa bila kuomba. Hata mlango uliochongwa kabla ya 1940 umekumbukwa kwa jina. Wengine tunasubiri Waziri atutangaze kwenye Gazeti la Serikali. Sasa kiwanda cha ngozi kina geti la bati, nani alichonge? Hakikujengwa na Wajerumani, bahati iliyolipata Boma la Iringa, wala hakina fuvu la shujaa kama Kalenga. Waliofanya kazi humo waliacha harufu tu, na fomu zenu, nadhani, hazina kisanduku cha harufu.

Ila hayo mashimo, Mkurugenzi, yanasomeka. La kwanza ni la maji, kuondoa damu na chumvi. La pili ni la chokaa. Ngozi ikikaa humo siku kadhaa manyoya yanalegea, unayasukuma kwa kisu cha mishikio miwili ukiwa umeinamia gogo, na yanatoka kwa mkupuo kama utelezi wa bamia. Kisha chokaa inaondolewa, na hapo mafundi wa zamani walitumia kinyesi cha kuku bila kuomba radhi. Yanayofuata ni ya magome: ngozi inaanzia kwenye maji hafifu na kusogezwa wiki hadi wiki kwenye makali zaidi, kwa sababu ukiitupa moja kwa moja kwenye makali, nje inakaza na ndani inabaki mbichi. Ukifukia mashimo mawili ya katikati, umechana kurasa za maelezo hayo. Jiwe la Isimila limevumilia mafuriko. Saruji hii haitavumilia greda la asubuhi moja.

Na magome hayakutoka mbali. Kampuni ya Tanganyika Wattle ilianzishwa Njombe mwaka 1949, enzi ambazo London ilikuwa ikituamulia tuote miti gani, na dawa ya kusindikia ngozi ikakamuliwa kwenye miwati ya nyanda hizi na kupelekwa ng'ambo. Ng'ombe wetu, magome yetu, viatu vya mtumba. Hilo ningetegemea makumbusho yalieleze, lakini naelewa kwamba kimondo hakina maswali mengi kama hayo.

Kama tatizo ni ukubwa, basi anzeni na kiwanda cha viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa fedha za Benki ya Dunia ili kuvalisha Ulaya, ambacho hakikufikia hata sehemu ya kumi ya uwezo wake. Kibao chake kiandikwe "Makumbusho ya Mkopo". Kiingilio kiwe kwa dola.

Sisi wadogo tuko tayari kushirikiana. Tunaweza kufukia visu vyetu korongoni na kumtafuta mwanafunzi mwingine wa kupita njia. Mkipendelea njia fupi, tumeni ofisa mmoja mwenye futi kamba, kamera na daftari, apime mashimo kwa mpangilio wake na kuwahoji mafundi waliobaki kabla hawajawa mambo ya kale wenyewe. Asivae viatu vya suede.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Mbalizi

Nakala: Mnunuzi wa vyuma chakavu, ambaye hadi sasa ndiye mthamini pekee mwenye mizani.