Namna ya Kuipigia Ardhi Hodi Mara ya Pili

Anza kabla hujatoa hata pipa moja. Piga mitetemo, rekodi mwangwi, uuhifadhi. Ukingoja mpaka mafuta yatoke, utalinganisha na nini? Mwenye haraka ya kuuza na apitie kwanza Ekofisk, upande wa Norwei wa Bahari ya Kaskazini. Mafuta yaligunduliwa huko 1969, kwenye chokaa laini iliyo kama kilomita tatu chini. Yalipotoka, shinikizo likapungua na chokaa ikabonyea. Mwaka 1984 ikaonekana kwamba sakafu ya bahari inadidimia pamoja na majukwaa. Mwaka 1987 majukwaa ya chuma yakainuliwa mita sita kwa jeki. Kwa hiyo, jukwaa lako likionekana fupi, usimwambie bosi kwamba maji yamejaa.

Ukirudi mara ya pili, rudi palepale. Jirani na pale si pale: meli ikipotoka kidogo, utapima upotofu wa nahodha ukadhani ni habari za mwamba. Maji nayo yana vituko vyao. Joto likibadilika, sauti hubadili mwendo. Yakijaa au kupwa, njia ya sauti hurefuka au kufupika. Sahihisha yote hayo. Au fanya subira kabisa, uzike kebo za vipokezi sakafuni zikae hukohuko, kama ilivyofanyika kwenye uwanja wa mafuta wa Valhall mwaka 2003 na Ekofisk yenyewe mwaka 2010.

Sasa toa picha ya kwanza ya mwangwi kwenye ya pili. Kisichobadilika kitajifuta. Maji yakichukua nafasi ya mafuta, nguvu ya mwangwi hubadilika. Pasipobadilika huenda pana mafuta ambayo hayajaguswa. Wahandisi watashangilia. Waache washangilie, kisha uwapandishe macho kwenye miamba iliyo juu ya mafuta, isiyo na kitu cha kuuza.

Huko ndiko ninakokusihi ukae zaidi. Chokaa ikibonyea, miamba ya juu yake huvutika, sauti hupita taratibu, na mwangwi huchelewa milisekunde chache. Zichunguze kwa wivu! Ndizo zinazoonyesha mahali ambapo bomba la kisima linaweza kupindika au kukatika, na watu wanafanya kazi juu ya visima hivyo.

Kabla hujafunga faili, tenga fedha za upimaji wa tatu. Ekofisk waliingiza maji ili kurudisha shinikizo, lakini chokaa ikaendelea kubonyea, kwa kuwa maji yenyewe huilegeza. Picha mbili zisingeweza kuonyesha kama mdidimio unatulia au unaongeza kasi.