Dokta wa Ofisi ya Utumishi

Hospitali zetu zinalia upungufu wa madaktari bingwa, kumbe wamejaa ofisi za utumishi. Afisa anapokea cheti cha ED, ile ruhusa ya daktari ya kupumzika kazi, anakiinua kwenye mwanga kama noti ya bandia, kisha anamgeukia mgonjwa: "Malaria gani hii ya kila Jumatatu?" Damu ya nini tena? Jicho limeshapima.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilijitahidi: siku 126 za likizo ya ugonjwa katika miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Ilichosahau ni hali ya hewa ya mezani kwa afisa. Ukimkuta ameshiba, mafua yanapata wiki nzima. Ukimkuta ametoka kugombana na kondakta, hata mguu wenye POP utaambiwa uripoti kazini: "Kwani unaandika kwa mguu?"

Magonjwa yasiyoonekana ndiyo yenye mkosi. Mgongo, sonona, kipandauso: huo wote ni uvivu, mpaka umpate mkurugenzi. Hapo unaitwa "changamoto ya kiafya" na fomu inasainiwa kabla chai haijapoa. Dereva yeye ataulizwa kwa nini jana alionekana akicheka kantini.

Maana mgonjwa wa kweli, kwa vitabu vyao, hacheki. Hapaki mafuta wala hapigi pasi shati. Wazoefu wameshaelewa: siku ya kupeleka cheti hawachani nywele, na kikohozi wanakianzia getini, kwa mlinzi.